Benchi Hurudishwa na Wenyewe

Jua la saa nne likishapita ukingo wa paa na kulifikia benchi lililo kwenye veranda ya mama, rangi yake huanza kunuka. Ni rangi ya mafuta, ya kijani, iliyopakwa juu ya nyingine, juu ya nyingine tena, na ikipata joto hutoa harufu nzito inayokaa kooni. Mtu mwingine akiinusa atafikiria nyumba mpya. Mimi huiona miguu yangu ya utotoni ikiwa na vumbi hadi magotini, na ile njia inayoteremka kutoka kwetu hadi Sosho.

Benchi lenyewe si letu. Ni la ukumbi wa mtaa, ambao kwenye karatasi za serikali una jina refu, lakini sisi tuliokulia pale hatujawahi kuuita kitu kingine ila Sosho. Limekuwa hapa tangu tumzike mama. Mtaani kwetu mtu akifiwa, mabenchi ya Sosho huletwa kwake, na watu huyakalia kila jioni mpaka siku ya mazishi. Mazishi yakiisha yanarudi, isipokuwa moja. Hilo moja huachwa, ili jirani akipita kusema pole baada ya umati kuisha asikose pa kukaa, na asipate kisingizio cha kusema ana haraka. Hakuna anayekuja kulidai. Wafiwa wenyewe wakijiona wako tayari wanalibeba hadi Sosho kwa mikono yao, na yeyote watakayemkuta pale husimama, hulipokea, kisha chai hupikwa.

Juzi ndugu yangu Kamau alinipigia simu kutoka Rongai, ambako ana stoo ya mahindi. Akazunguka kwanza na habari za mvua, kama kawaida yake, halafu akasema, "Nduta, si tulirudishe Jumamosi?" Nikamwambia sawa. Nilipokata simu nikaenda kulikalia benchi, nikalia kidogo, halafu bila kutarajia nikaanza kucheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani akabweka. Hii haitakuwa mara ya kwanza mimi na Kamau kurudisha benchi la Sosho. Mara ya kwanza hakuna mtu aliyekuwa amekufa, na tulikaribia kuumaliza mtaa mzima kwa mshtuko.

Mtaa wetu uko upande wa Lanet, na wakati ule haukuwa na maghorofa haya ya siku hizi. Asubuhi tuliamshwa na tarumbeta ya kambi ya jeshi, tukanawa uso tukiiangalia Menengai, tukaenda shule. Kiangazi vumbi liliingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Majirani walitoka kila pembe ya nchi, na ukipita jioni nyuma ya nyumba ungejua kwa pua tu nani anakaanga omena, nani anaponda mukimo na nani amefungua kibuyu cha maziwa ya mursik. Baba alikuwa dereva wa lori la nafaka, tukimwona kama mgeni anayependwa. Kila siku yetu ilikuwa ya mama.

Na mama alikuwa wa Sosho. Aliwafundisha wanawake kushona kwenye chumba cha pembeni chenye cherehani zilizopangwa kama madawati ya shule, na sauti yake ikicheka ilisikika hadi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, asiyeweza kunyamaza. Hata akiwa na pini mdomoni aliendelea kuongea.

Ukumbi wenyewe watu waliujenga kwa mawe ya machimbo, kila nyumba ikileta yake, ndiyo maana ukuta mmoja una mawe ya kijivu na mwingine una mekundu. Sakafu ilisuguliwa kwa nta nyekundu mpaka soksi zetu zikapata rangi hiyo daima. Kulikuwa na siku ya kliniki, watoto wachanga wakining'inizwa kwenye mizani iliyofungwa darini, wakilia kwa zamu. Kulikuwa na karate, na mafunzo ya ngoma, na mikutano ya chama cha kina mama ambayo ilianza kwa maombi na kuishia kwa kelele. Jumapili kanisa moja lilitumia ukumbi asubuhi na lingine mchana, na wa mchana walikuwa wakisimama nje wakiangalia saa kwa hasira ya Kikristo. Mwaka ule wa vurugu, familia zilizokimbia kutoka upande wa juu zililala humo, na mabenchi yakaunganishwa mawili mawili yakawa vitanda. Sisi watoto tulidhani ni sherehe ya kulala pamoja. Tuliwaletea blanketi na tukawaonea wivu.

Funguo zote zilikuwa kiunoni mwa Mama Atieno, mwenyekiti wa kamati, mwanamke mrefu ambaye hakumwogopa chifu, pasta wala mvua. Kila mtoto alimwita "nyathina", mwanangu kwa Kijaluo, na kila mtoto alishawahi kukimbizwa naye.

Sasa ngoja niwaeleze kosa langu lilivyoanza, maana lilikuwa na akili yake.

Mambo ya furaha yalifanyika ndani ya Sosho. Arusi, ubatizo, sherehe ya waliofaulu mtihani, vyote vilikuwa humo, kwa hiyo mabenchi hayakuwa na haja ya kutoka. Yalitoka siku ya msiba tu. Na watoto, kama mnavyokumbuka nyinyi wa rika langu, hatukuambiwa kitu. Mtu alikufa asubuhi tukiwa shule. Saa kumi tukirudi, cha kwanza kuona ni mkokoteni wa Wafula umejaa mabenchi ya kijani ukipanda njia. Tulikuwa tukiufuata mbio, maana mabenchi yalipokwenda ndiko chai na mandazi vilikokwenda. Yalishushwa, yakapangwa, watu wakakaa, na baadaye kidogo ndipo kilio kikaanza. Niliona hivyo kwa kina Muli. Nikaona hivyo kwa mwalimu wetu mstaafu. Mpangilio ulikuwa wazi kabisa kichwani mwangu: mabenchi kwanza, kilio baadaye.

Kwa hiyo nikajua kwamba mabenchi ndiyo huleta kifo. Yanatumwa mahali, yanakaa, mtu anakufa. Na lile moja lililobaki nyuma, nililifahamu vizuri pia. Lilibaki ili kuona kama kuna mwingine. Nilipokuwa nikipita kwa kina Muli na kuliona limekaa peke yake nje ya mlango, nilipita nikiwa nimeshika pumzi. Sikumwambia mtu. Nani humwambia mtu jambo ambalo kila mtu lazima analijua?

Kisha mama akaugua. Ulikuwa uvimbe wa tumbo uliohitaji upasuaji, nimekuja kujua baadaye, lakini tulichoambiwa ni kwamba amekwenda mjini kupumzika. Hospitali haikuruhusu watoto wodini. Baba akaacha lori apate kumshughulikia, na Anti Wambui, mdogo wa mama, akaja kutoka Subukia na kiondo cha maharagwe, akashika nyumba. Alikuwa mwema lakini hakuwa na maneno. Ukimuuliza mama yuko aje, alisema, "Mama yuko sawa, kula." Ukimuuliza atarudi lini, alisema, "Atarudi, kula." Nilikula githeri nyingi kipindi kile kuliko maisha yangu yote, na kila kijiko nilihesabu kuwa uongo.

Chumba cha kushonea pale Sosho kikafungwa. Nilikuwa nikipita dirishani nikichungulia cherehani zikiwa zimefunikwa vitambaa. Kitu nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: nimsikie akicheka.

Ikafika Jumamosi moja. Niliamka nikamkuta Anti amefua mapazia. Nikaogopa kidogo, kwa sababu kwa kina Muli mapazia yalifuliwa. Halafu akatoa makochi nje, ayapige vumbi alisema, na sebule ikabaki wazi. Kwa mwalimu sebule iliachwa wazi vilevile. Akanisuka nywele kwa nguvu akiimba wimbo wa kanisa, akamvalisha Kamau shati la Krismasi, kisha akachukua kikapu na kusema anakimbia sokoni kununua kabichi.

"Angalieni kuku wasipande makochi," akasema. "Na msichafuke. Mkichafuka leo mtanijua."

"Leo kuna nini?" nikamuuliza.

"Leo ni Jumamosi," akasema, na akaenda akitabasamu kivyake.

Hakuwa amefika mbali nilipousikia mkokoteni. Nikatoka hadi kwenye lango. Wafula alikuwa akipanda njia, shati limemganda mgongoni, nyuma yake mabenchi ya kijani.

"Niaje, Nduta!"

"Anko Wafula, hayo unapeleka wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenu kwenyewe! Kwani una kwenu ngapi?" Akasukuma lango kwa mguu, akaanza kushusha.

"Nani amekutuma?"

Wafula akaweka kidole mdomoni na kunikonyeza. "Hiyo siwezi sema, mathe mdogo. Mama Atieno ataninyonga." Akanipapasa kichwa, akavuruga nywele zilizokuwa zimesukwa, akageuza mkokoteni kwenda kuleta mengine. Alikuwa akipiga mluzi. Nilimshangaa mtu anayeweza kupiga mluzi akiwa na kazi kama ile.

Nilisimama nikiyaangalia. Kuku mmoja alikuwa amepanda kochi, nakumbuka, na sikumfukuza. Lakini akili ya mtoto haikati tamaa upesi. Nikasikiliza. Hakukuwa na kilio. Mtaa wote ulikuwa na sauti zake za kawaida za Jumamosi, redio, nyundo, mashine ya kusaga. Na kama kilio hakijaanza, basi mama hakuwa amekufa bado. Mabenchi yalikuwa yamefika tu. Yakirudi kabla ya kilio, kazi yao haitakuwa imefanyika.

"Kamau," nikaita. "Shika upande ule."

Alikuwa mdogo, hajaanza shule, na alikuwa mtu wa tumbo tangu hapo. "Kwani mandazi yako wapi?"

"Hakuna mandazi. Tunarudisha."

"Ni zito."

"Beba tu! Tusipoyarudisha mama atakufa."

Hilo lilikuwa kosa. Kamau alinitazama, mdomo ukapanuka taratibu, na kikatoka kilio ambacho sijakisikia tena hata kwa watoto wangu mwenyewe. Lakini hakuliachia benchi. Namsifu kwa hilo hadi leo. Alilia na kubeba, tukatoka langoni, mimi mbele nikitembea kinyumenyume, yeye nyuma, benchi limeinama upande wake.

Fikirieni sasa alichokiona mtu aliyesimama njiani. Watoto wa mwanamke aliye hospitalini, wameachwa peke yao, wamevaa nguo nzuri, mmoja analia kwa sauti, wamebeba benchi la Sosho kwa mikono yao.

Wa kwanza alikuwa Mama Muli, aliyekuwa akikata sukuma wiki kwenye kibanda chake. Kisu kikamtoka mkononi.

"Uuui! Mama Nduta!"

"Bado!" nikapiga kelele. "Bado hajafa! Tunarudisha!"

Lakini nani humsikiliza mtoto siku kama hiyo? Alikuja akatukumbatia pamoja na benchi, akilia, akisema maskini watoto hawa, wamechanganyikiwa. Akajaribu kunipokonya benchi, nikakataa, nikamwambia wenyewe ndio hubeba. Hiyo ikammaliza kabisa. Akajifunga leso na kutufuata nyuma.

Tukateremka. Milango ikafunguka. Wanawake wakatoka na mikono yenye unga na sabuni. Tulipofika kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine akatuona, akainua kofia na kuizima. Mnaojua mtaa wetu mnajua mashine ile ilinyamaza kwa mambo mawili tu, stima ikipotea au mtu akifa. Kimya kile kikaenda mbali kuliko kelele yoyote. Walioko juu wakashuka, walioko chini wakapanda, na mzee mmoja wa kanisa la mchana akaanzisha wimbo wa mazishi, akaokolewa na sauti ya pili ya watu wa kanisa la asubuhi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia makanisa hayo yakiimba pamoja.

Nilizidi kusema bado, bado, bado. Nilikuwa nimekasirika sana. Nilikuwa nimejitahidi kuwahi kabla ya kilio, na sasa kilio kilikuwa kikinifuata mgongoni, kikiongezeka kila lango tulilopita. Nikajiambia kwamba bora tufike. Benchi likishaingia Sosho, labda bado kuna nafasi.

Karibu na daraja dogo tukakutana na Anti Wambui akirudi sokoni. Anti huyu, asubuhi ile ile, alikuwa ameongea na baba kwa simu ya jirani na kuambiwa wako njiani. Lakini alipoona umati, wimbo, watoto na benchi, akasahau yote.

"Ngai! Dada yangu!" Akakitupa kikapu, na kabichi zikabingirika mteremko mzima kuelekea Sosho, zikatangulia kufika kabla yetu.

Mama Atieno alikuwa nyuma ya ukumbi na wenzake, akipika wali kwenye sufuria kubwa. Kabichi zilipomfikia akatoka na mwiko mkononi kuona zinatoka wapi, akakuta mtaa mzima ukiingia uwanjani.

"Kwani nini mbaya?" akauliza.

"Mama Nduta ametuacha," Mama Muli akasema.

Nilimwona Mama Atieno, yule asiyemwogopa mtu, akishusha mwiko polepole na kukaa kwenye benchi letu, hapo hapo tulipolitua, njiani. "Lakini nimempikia," akasema. Alisema hivyo tu. Kisha akafunika uso kwa aproni. Wafula, aliyekuwa akipakia mabenchi ya safari ya pili, akaacha kupiga mluzi na kukaa chini kwenye vumbi. Ndipo nami nikalia. Mpaka hapo nilikuwa nimejizuia, lakini nilipomwona Mama Atieno akilia, nikajua tumechelewa.

Katikati ya hayo honi ikalia. Honi nyingine. Teksi nyeupe ilikuwa imekwama nyuma ya umati, maana Sosho iko mdomoni mwa mtaa na hakuna gari linaloingia bila kupita pale. Watu wakamnyooshea dereva mikono asubiri, hana heshima huyu. Kioo cha nyuma kikashushwa. Mwanamke mmoja akatoa kichwa, amekonda, amejifunga kitambaa, akashika mto tumboni kwa mkono mmoja.

"Jamani," akasema, "nani amekufa?"

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mama aliwaangalia, mmoja baada ya mwingine, uso wake ukiwa na huzuni ya kweli, ameshajiandaa kusikia jina.

"Si ni wewe!" Mama Muli akasema.

Sijui nani alianza. Nakumbuka vigelegele vilivyopasua hewa, na Wafula akiruka kutoka chini, na Anti Wambui akimpiga baba, aliyekuwa ameshuka kwenye teksi, kifuani kwa ngumi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Na juu ya hayo yote nikasikia kile nilichokuwa nikikitaka. Mama alikuwa akicheka. Alicheka huku akiubana mto tumboni na kulalamika, "Ayaya, nyamazeni, msinichekeshe, nyuzi zitakatika!" Na hilo likawachekesha zaidi, kwamba fundi wa nguo anaogopa nyuzi.

Sikumkimbilia. Watu hudhani nilikimbia, lakini nilibaki nimeshikilia benchi, vidole vimekataa kufunguka. Nilikuwa na furaha nyingi kiasi cha kunikasirisha, nikataka kumgombeza mtu na sikujua nani. Kamau ndiye aliyeingia ndani ya teksi kwa dirisha.

Wakamtoa mama polepole na kumkalisha kwenye benchi lile lile. Mambo yakaanza kufumuka. Mabenchi yalitumwa kwetu na Mama Atieno kwa sababu wanawake wa chama walitaka kumpokea mama kwa maombi na chakula, na daktari alikuwa amekataza asizungushwe. Ilikuwa mara ya kwanza mabenchi kutoka Sosho kwa ajili ya jambo la furaha. Sisi watoto tulifichwa habari kwa sababu mama mwenyewe aliomba, ili atushtue.

"Sasa nani ameshtuliwa?" baba akauliza.

Mama akanivuta karibu. "Nduta, ulikuwa unapeleka wapi benchi?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, mabenchi kwanza na kilio baadaye, kina Muli, mwalimu, na lile moja linalobaki kuangalia kama kuna mwingine. Watu waliokuwa karibu walianza kucheka, lakini mama hakucheka, na wakaacha. Alinishika vidole, akaanza kuvinyoosha kimoja kimoja.

"Na hili lote umelibeba kutoka nyumbani?"

"Na Kamau."

"Ili nisife."

"Eeh."

Akakaa kimya, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Kisha akasema, "Sikiza. Mabenchi hayajui kitu. Ni mbao. Watu wakisikia uko na shida wanakuja, na wakija lazima wakae. Hiyo tu. Hili moja linaachwa ili watu waendelee kuja. Umesikia?"

Nilisikia. Sikuelewa sana, lakini mkono wake ulikuwa na joto, ukinuka dawa ya hospitali na sabuni, na hiyo ilinitosha.

Chakula kiliamuliwa kuliwa pale pale, kwa kuwa watu walikuwa wameshafika na wengine walikuwa wameshalia kazi ya siku nzima. Kabichi ziliokotwa mtaroni, zikaoshwa, zikapikwa. Mwenye mashine alitaka kwenda kuiwasha akazuiwa. Wa kanisa la mchana wakaulizwa kama wanajua wimbo mwingine usio wa mazishi. Sherehe iliyopangwa kwa wanawake wa chama na sebule moja ikawa ya mtaa mzima, na mama katikati, kwenye benchi la kijani, mto tumboni, akiomba kila dakika asichekeshwe.

Baada ya siku hiyo Mama Atieno alileta jambo kwenye kamati. Akasema haiwezekani watoto wa mtaa huu waogope mbao. Tangu hapo mabenchi yakaanza kutoka kwa sababu nyingine pia. Mtoto akizaliwa, mkokoteni unakuja. Mtu akirudi kutoka mbali, unakuja. Hata Kamau alipopata stoo Rongai, Wafula, mzee tayari, aliyapakia kwenye pikapu na kuyafikisha. Watoto wa leo wakiona mabenchi yakipita wanauliza, "Ni ya nini?" na kungoja jibu.

Mama naye akapata mzaha wa maisha. Kila alipoingia Sosho, iwe kliniki, iwe darasa la kushona, alisimama mlangoni, akashika kiuno na kuuliza, "Nani amekufa?" Na wote waliokuwamo, hata wageni waliojifunza siku hiyo hiyo, walijibu kwa pamoja, "Si ni wewe!" Aliuliza hivyo miaka yote, mpaka nywele zikawa nyeupe, mpaka akawa anaingia kwa mkongojo. Nilikuwa nimeanza kuona aibu mbele ya wajukuu.

Safari hii mabenchi yalipokuja niliyapokea mwenyewe langoni. Nilijua mpangilio sasa, kilio kilikuwa kimetangulia. Mama alilala mchana baada ya chakula na hakuamka, uzee tu. Hata hivyo kijana wa mkokoteni aliposema, "Pole, mathe, tuyaweke wapi?" mikono yangu ilitaka kuusukuma mkokoteni urudi mteremko wote. Kisha watu wakaja. Walikuja jioni baada ya jioni, wakakaa, wakamsimulia, na tukacheka kuliko inavyofaa kwenye matanga.

Na leo imefika. Kamau amekuja na kitambi chake, ameshika upande ule. "Ni zito," amesema. "Beba tu," nimemwambia. Tumeteremka, mimi mbele, lakini sitembei kinyumenyume tena, magoti hayakubali. Kwenye mashine ya kusaga yule kijana aliyeirithi akatuona, akaizima. Wanawake wakasimama milangoni na kuinamisha vichwa. Kamau alianza kulia kabla ya daraja, kimya safari hii, na hakuliachia benchi.

Ndani ya Sosho walikuwa na darasa la kushona. Cherehani zikasimama moja baada ya moja. Wote wakainuka, kama desturi inavyotaka, hata Mama Atieno, ambaye sasa hutolewa nje kwenye jua na kurudishwa, akajiinua kwa kushika meza. Tukalitua benchi mahali pake chini ya dirisha. Nilijua sasa ni zamu yangu kusema asante, na nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani. Yakanipotea yote. Nikaona mlango, nikaona mahali alipokuwa akisimama, na nikajikuta nimeshika kiuno.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Wakanitazama. Nikadhani nimeharibu. Halafu Mama Atieno akapanua mdomo, nao wote wakamfuata, vijana kwa wazee, kwa sauti moja iliyotikisa mabati, "Si ni wewe!"

Kamau alikuwa ameegemea ukuta akicheka na kujifuta macho kwa tai. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mama Atieno alingoja tumalize, akakaa kwenye benchi tulilolileta na kupigapiga mbao pembeni yake.

"Keti, nyathina," akasema. "Chai inakuja."